Kadi Halisi ya Mama Konsolata

Kabla hujaweka kitu chochote kwenye kona ya kuigizia, mwalimu mwenzangu kijana, uliza ni cha nani. Ukishajibiwa, uliza tena. Mimi sikuuliza, na hadi leo nikimwona mtoto anatoboa karatasi kwa msumari, moyo unanienda mbio.

Nimefundisha watoto wadogo maisha yangu yote ya kazi. Nilianzia Ujiji, nikaenda kambini miaka ile ya wakimbizi wa Burundi, kisha nikarudi Ujiji kumalizia. Sasa nimestaafu, nakaa Kasingirima, na vijana mnaosomea ualimu wa awali mnakuja barazani kwangu na madaftari mkidhani nina siri fulani ya kufundisha kwa maigizo. Siri sina. Nina wasiwasi tu, niliozaliwa nao. Mama yangu alikuwa akisema nilikuwa nachungulia sufuria kila dakika nikihofu maharage yataungua, na maharage yenyewe bado yako kwenye maji baridi. Kazi yetu haimfai sana mtu wa namna hiyo, maana mchezo wa watoto unataka mwalimu anayeweza kukaa kimya na kusubiri.

Aliyenifundisha kusubiri, kadiri nilivyoweza kufundishika, ni marehemu Mwalimu Zaituni wa Ujiji. Nilipofika kwake chekechea nikiwa binti mbichi, nilitayarisha mada ya soko. Nikapanga samaki aina ya mgebuka niliowachonga kwa magunzi ya mahindi, nikaweka chupa za mawese zenye maji ya udongo mwekundu, kisha nikaanza kugawa kazi: wewe uza, wewe nunua, wewe sema bei gani. Watoto wakasimama kama wanasubiri kupigwa picha. Muuzaji aliuza samaki mmoja, akanigeukia kuuliza kama amefanya vizuri.

Mwalimu Zaituni alikuwa mlangoni anakunywa chai yake. Akaniambia nitazame macho ya watoto. Wakiwa wanamtazama mwalimu, alisema, hapo hakuna mchezo, hiyo ni amri. Nikamuuliza nifanyeje. Akaweka kikombe chini, akavua viatu, akaenda kuchuchumaa mbele ya wale samaki wa magunzi, akalalamika kwamba ametoka Mwamgongo na boti, hela zimeloa, na ana wageni saba nyumbani. Hakumwambia mtoto yeyote afanye nini. Baada ya muda mfupi walikuwa wanagombana juu yake, mmoja anataka kumkopesha, mwingine anasema mama huyu ana sura ya kutolipa. Akatoka mchezoni kwa magoti, taratibu, wala hawakugundua kwamba ameondoka.

Kwa hiyo lishikeni hilo. Mwalimu akiingia kwenye igizo, aingie akiwa mtu mwenye shida. Ukiingia mkubwa, watoto wanarudi kuwa wanafunzi.

Jambo jingine alilonifundisha ni kuziba vitabu vilivyochanika kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Unapaka kwa kidole, unaweka kipande cha karatasi nyembamba, unakandamiza kwa chini ya kikombe, unaanika kivulini. Nilikuwa hodari sana wa kazi hiyo. Laiti nisingekuwa hodari.

Kambini darasa letu lilikuwa banda la turubai lenye mabenchi mawili na mikeka. Tulikuwa mbali na ziwa, na wiki za kwanza nilikuwa silali vizuri kwa kukosa tu sauti ya injini za boti nilizozoea. Watoto walizungumza Kirundi, mimi nawajibu kwa Kiha cha nyumbani, tunaelewana kwa sehemu kubwa, na Kiswahili tukakiingiza kidogo kidogo kupitia michezo. Mada ya kwanza ilikuwa zahanati. Niliona ajabu kwamba kila mtoto anataka kuwa mgonjwa, hakuna anayetaka udaktari. Siku ya tatu ndipo nikaelewa: mgonjwa analazwa kwenye mkeka na kuachwa alale. Mmoja aliyekubali kuwa daktari aliniwekea sikio kifuani, akasikiliza muda mrefu, akawatangazia wenzake kwamba Mwarimu ana mtu anakimbia humu ndani. Alikuwa Konsolata.

Konsolata alikuwa na miaka mitano. Yeye na mama yake na wadogo zake walikuwa wamevuka mpaka kwa miguu hadi Kagunga, wakapanda boti mpaka Kigoma, kisha wakaletwa kambini kwa basi. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache sana, lakini alikuwa na macho. Kitu akikiona mara moja, kesho yake anakuonyesha kilivyokuwa, na mikono, na shingo, na kikohozi.

Baada ya zahanati nikaleta soko, kama lile la Ujiji. Halikumaliza asubuhi moja. Watoto waliwatazama samaki wangu wa magunzi, wakawaweka pembeni kwa heshima, wakapanga foleni. Mmoja akageuza debe likawa meza. Soko likawa mgao wa chakula.

Nikakumbuka maneno ya Mwalimu Zaituni, nikawafuata. Na niwaambie ukweli, sijawahi kuona hesabu ikifundishika vile. Watoto waliokuwa hawawezi kuhesabu hadi kumi walikuwa wanajua kwamba kaya ya watu sita inapata vikombe vingapi vya unga, na ukiwapunja kikombe kimoja wanakuita mwizi. Niliwakatia kadi za maboksi, nikazichorea visanduku vyenye namba, nikawapa msumari butu wa kutobolea. Mimi mwenyewe nilisimamia ule msumari, nikajiona mwangalifu kweli.

Hapa nieleze kadi ya mgao, maana nyinyi hamkuiona. Kila kaya ilikuwa na moja. Ina jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, muhuri, na safu ya visanduku visivyo na tarehe. Kila baada ya wiki mbili karani anatoboa kisanduku kimoja na kaya inapewa chakula. Kisanduku kikishatobolewa, chakula chake kimeshatoka. Familia inaweza kupoteza sufuria, ikapoteza blanketi, lakini kadi inalala na mama chini ya kichwa.

Wakati huo tulikuwa tumetoka kwenye semina tulikosisitiziwa kutumia vitu halisi. Nami nikasimama mbele ya watoto nikasema leteni vitu halisi kutoka nyumbani. Kesho yake wakaleta miiko, vifuniko vya chupa, kopo lisilo na kitako, na mmoja alileta kuku. Nilikuwa nahangaika na yule kuku asubuhi nzima. Ndiyo maana sikuona Konsolata alileta nini.

Nilikiona wakati wa kukusanya vifaa. Katikati ya kadi zangu za maboksi palikuwa na moja laini, nyeusi pembeni kwa moshi, yenye muhuri. Visanduku vitatu vilikuwa vimetobolewa kwa msumari, kwa mstari, kuanzia pale hasa karani alipokuwa ameishia. Hawakukosea hata kimoja. Migao mitatu, karibu mwezi na nusu wa chakula cha watu sita, na watoto wangu wameshaugawa kwa vikombe vya mchanga.

Ningemfuata mama yake saa ileile tungecheka au tungelia, lakini tungeyamaliza. Mimi nikafikiria kazi yangu, nikafikiria mratibu atasema nini, nikafikiria vile wazazi wengine watakavyowazuia watoto. Nikakoroga uji wa muhogo. Nikaziba yale matundu matatu moja baada ya jingine, kwa kipande cha karatasi nyembamba, nikakandamiza kwa chini ya kikombe, nikaanika kivulini. Ilikuwa kazi safi. Nikamshika Konsolata mkono mpaka kwao, mama yake alikuwa bombani, nikamwambia mtoto arudishe kadi pale alipoichukua. Akairudisha chini ya mto. Nikajiambia nitamweleza mama kesho.

Kesho ikapita. Nikajiambia nitamweleza Jumamosi. Nilikutana naye njiani mara mbili, mara zote akaniamkia vizuri, nikamuuliza habari za mahindi yake ya uani. Usiku naota kuku.

Sasa sikilizeni kosa langu lilivyokuwa, kwa sababu ni kosa ambalo mkimbizi yeyote pale kambini asingelifanya. Mimi nilikuwa nakula mshahara, sikuwahi kupanga foleni ile. Sikujua kwamba wapo watu waliokuwa wakiziba matundu ya kadi zao ili wachukue chakula mara mbili, na kwamba waliyaziba kwa uji wa muhogo na karatasi. Kambi nzima ilijua, hata watoto. Karani wa mgao, kijana mmoja kutoka Kigoma mjini, alikuwa na mtindo wa kuinua kila kadi juu kuelekea mwanga, na kwa ajili hiyo watu walimwita Bwana Jua. Mimi nilisikia jina nikadhani anaitwa hivyo kwa sababu ya upara.

Siku ya mgao Konsolata hakuja darasani. Jirani yao aliyemleta mwanawe ndiye aliyeniambia kwamba Mama Konsolata amekamatwa na kadi ya gundi, amenyang'anywa mbele ya foleni nzima, na ameambiwa jina lake limefungiwa mpaka uhakiki. Uhakiki huo hakuna aliyejua ungefanyika lini. Jirani alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba hakumtegemea mama yule kuwa na tabia hiyo.

Nilimwachia mwalimu mwenzangu watoto, nikaenda. Mama Konsolata alikuwa amekaa nje, magunia yake matupu amekwisha kuyakunja vizuri na kuyaweka magotini. Nikamweleza yote, msumari, uji, kivuli, mto. Nilikuwa nalia, yeye halii. Aliniuliza swali moja tu.

"Mwarimu, ulijua tangu siku ile?"

Nikasema ndiyo. Akayaweka magunia yake chini. Kisha akasimama, akasema twende.

Bwana Jua alituamkia kwa adabu zote, akanipa kiti. Nikajieleza mbele yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza nikaona kwenye uso wake huruma ile inayotisha, ya mtu anayedhani unasema uongo kwa wema. Alisema anajua walimu wana moyo mwepesi. Lakini alikuwa ameibandua gundi, akaona matundu matatu yamekaa kwenye visanduku vitatu kwa mpangilio, na watoto wa miaka mitano, alisema, wangetoboa popote, mpaka kwenye muhuri. Nikamwambia watoto wangu wanajua. Akatabasamu. Hapo nikasema bila kufikiri kwamba aje aone mwenyewe. Akasema atakuja kesho asubuhi kabla ya kazi, na kadi atakuja nayo, lakini kama haoni kitu, ataandika na jina langu kwenye taarifa.

Tulipotoka, Mama Konsolata alitembea mbele yangu njia nzima. Nilimpelekea unga wangu jioni. Akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akampa jirani mtoto wa mgongoni amshikie ili awashe moto. Nilitamani anitukane.

Asubuhi Bwana Jua akaja na shati lake lililopigwa pasi, kalamu sikioni, akasimama kwenye nguzo ya banda. Watoto wakamwona. Wote, pamoja na Konsolata aliyeletwa na mama yake na kuachwa mlangoni, wakakaa chini, wakakunja mikono, na bila kuambiwa na mtu wakaanza kuimba a, e, i, o, u. Wakaimba mpaka mwisho, wakaanza upya. Bwana Jua akatazama saa.

Nilijua nikisema chezeni mgao, kwisha. Nikavua viatu. Nikachukua gunia dogo, nikaenda kupiga magoti mbele ya lile debe ambalo halikuwa na mtu nyuma yake, nikaanza kulalamika kwa Kiha kwamba nimetoka mbali, watoto wangu wako watano, sijui hapa nani anagawa. Wimbo ukaendelea. Nikalalamika tena. Mara ya tatu sikuwa naigiza sana.

Wimbo ukapungua sauti moja. Konsolata akainuka, akavuta kijiti kwenye ukuta wa banda akakiweka sikioni, akaenda kukaa nyuma ya debe. Akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Kadi," akasema.

Kilikuwa Kiswahili cha mjini, kikavu, cha Bwana Jua mwenyewe. Nikampa ya boksi. Akaiinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja. Akachukua msumari, akahesabu visanduku kwa kidole, akatoboa kilichofuata. Nikasikia kiatu kikisogea kule kwenye nguzo. Watoto wakaanza kuja nyuma yangu mmoja mmoja, foleni ikapangika, na kila kadi ilitobolewa mahali pake hasa. Nikadhani tumepona, nikaanza kujitoa kwa magoti kama nilivyofundishwa. Konsolata akanirudisha kwa kidole. Aliichukua kadi yangu tena, akaiinua, akaisugua kwa dole gumba.

"Hii ina gundi. Kaa pembeni, mama."

Nikasema, kwa sababu mwenye shida angesema hivyo, kwamba nina watoto.

"Wote mnasema hivyo," akasema Konsolata. "Anayefuata."

Sikuthubutu kumtazama Bwana Jua. Niliwaza kwamba sasa ameudhika, na mtoto ndiye ameimaliza kadi ya mama yake, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Nilikaa pembeni kwenye udongo kama nilivyoamriwa. Nikaona viatu vyake vinatoka kwenye nguzo, vinapita mbele yangu, vinasimama nyuma ya mtoto wa mwisho kwenye foleni. Alisubiri zamu yake. Mbele yake palikuwa na watoto wanne na hakumruka hata mmoja.

Alipofika, Konsolata akanyoosha mkono vilevile, bila kumtazama. Bwana Jua akatoa kadi kwenye mfuko wa shati, ile yenye moshi, akamwekea mkononi.

Mtoto akaiinua kwenye mwanga. Ikakaa juu muda mrefu. Kisha akaishusha, akakitoa kijiti sikioni akakiweka juu ya debe, akaificha kadi ndani ya gauni lake, akatoka. Tulimwona kupitia uwazi wa turubai akikimbia kuelekea kwao, mkono mmoja kifuani. Nilisubiri Bwana Jua aniambie nimfuate. Alivuta kalamu yake sikioni, akaitazama, akaitia mfukoni, akasema, Mwalimu, nimechelewa kazini.

Siku mbili baadaye ilikuwa siku ya waliokosa mgao. Nilisimama mbali, karibu na choo, mahali ambapo mtu mwenye akili hasimami, nikatazama. Mama Konsolata alipofika mezani, karani alichukua kadi, akaitazama mezani bila kuiinua. Akaandika kitu nyuma yake, akapiga muhuri, akatoboa kisanduku kilichofuata yale matundu matatu. Wakampimia. Sijui aliandika nini, na sijui alimpa mtoto ile kadi kwa makusudi au aliingia mchezoni akasahau, kama wanavyosahau watu wazima wakicheza vizuri. Sikuwahi kumuuliza, na mwaka uleule alihamishwa.

Mama Konsolata alipita pale nilipo na unga kichwani. Alisimama. Akaniambia Konsolata atakuja darasani kesho, anapenda kusoma. Nikaanza kuomba msamaha tena, akaninyamazisha kwa kuinua mkono kidogo, ule usioshika mzigo.

"Lakini Mwarimu, siku nyingine mkitaka kucheza mgao," akasema, "mtumie kadi yako."

Nikasema sawa, Mama Konsolata. Alikuwa amekwisha kugeuka kwenda kwake ndipo nilipojikuta nimetia mkono mfukoni, natafuta. Sikuwa na kadi. Maisha yangu yote sijawahi kuwa nayo.